Leonhard Euler, kipofu aliyeipima namba 2,147,483,647

NDUGU msomaji, chukua kalamu uandike namba hii: 2,147,483,647. Wewe unayevuka Mugina kila wiki, ukibadilisha shilingi kuwa faranga na faranga kuwa shilingi, umezoea tarakimu nyingi, kwa hiyo bilioni mbili na ushee haziwezi kukutisha. Sasa jaribu kuigawa. Kwa mbili inabaki moja. Kwa tatu inabaki moja. Kwa tano zinabaki mbili. Kwa saba inabaki moja. Endelea hadi kesho kutwa, hutapata namba ya kuigawa bila kubakiza kitu, isipokuwa moja na yenyewe.

Kule Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikozaliwa na kusomeshwa ukimbizini, mwalimu wetu aliiita namba ya aina hiyo namba tasa. Huku nyumbani watoto wanajifunza hesabu kwa Kifaransa, na Wafaransa wanaiita namba ya kwanza. Mimi nimebaki na tasa yangu, kama nilivyobaki na KKS na KDS, na wanafunzi wangu wamekwisha kunizoea.

Aliyethibitisha kwamba namba hiyo ni tasa aliitwa Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi. Alifanya hivyo mwaka 1772 katika mji wa Saint Petersburg nchini Urusi, akiwa na umri wa miaka 65 hivi, jicho moja limekwisha kufa na la pili haliwezi tena kusoma. Nitaeleza maisha yake, lakini kwanza nieleze nilivyokutana naye, maana nilikutana naye kwa aibu.

Tulirudi Burundi mwaka 2009. Ofisi moja ilikaa na vyeti vyangu vya Tanzania miezi tisa ikiuliza vinalingana na nini. Nilipopata darasa hatimaye, Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza, na watoto wa nyuma walicheka kila nilipokosea neno. Kitu kimoja tu kilichokuwa kikinisimamisha mbele yao, nacho ni hesabu. Siku moja nikawafundisha namba zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kadhaa na kutoa moja. Mbili mara mbili toa moja ni 3. Mbili tatu toa moja ni 7. Mbili tano toa moja ni 31. Mbili saba toa moja ni 127. Zote tasa. Nikawaambia, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye daftari langu la ukimbizini, kwamba idadi ya zile mbili ikiwa tasa basi na jibu nalo ni tasa.

Kesho yake binti mmoja, ambaye mama yake anauza dagaa za Kigoma, alikuja na kikokotoo cha mama yake, kile cha kubadilishia pesa. Alikuwa amezidisha mbili kumi na moja, akatoa moja, akapata 2,047. Kisha akagawa na kugawa jioni nzima mpaka akagundua kwamba 2,047 ni 23 mara 89. Kumi na moja ni tasa, lakini 2,047 si tasa. Alinieleza kwa adabu, amesimama, mikono nyuma. Darasa likanyamaza kusubiri nitasema nini. Nakiri kwamba nilimwambia akae, nitaangalia. Nilipoangalia usiku nilikuta mtoto yuko sahihi, na nikaona kwamba kitu changu kimoja nacho kimeanguka.

Ndipo nikaanza kutafuta nani mwingine aliwahi kukosea hapo. Nikamkuta Euler.

Alizaliwa Basel tarehe 15 Aprili 1707, baba yake mchungaji ambaye alitaka mwanawe naye awe mchungaji. Kijana akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 13. Johann Bernoulli, mwanahisabati mkubwa wa zama hizo, hakuwa na nafasi ya kumfundisha kila siku, ila alimruhusu aje Jumamosi mchana na maswali yaliyomshinda. Euler akawa anatumia wiki nzima kupunguza maswali ili Jumamosi asimchoshe mzee. Hatimaye Bernoulli ndiye aliyemshawishi baba aachane na habari za uchungaji.

Mwaka 1727 aliomba nafasi ya kufundisha fizikia hapo hapo Basel, hakupewa. Alikuwa hajafikisha miaka 20. Akafunga mzigo akaenda Urusi, ambako Akademia ya Sayansi iliyoanzishwa na Petro Mkuu mwaka 1724 ilikuwa inaita wageni. Nafasi aliyoitiwa ilikuwa ya mambo ya tiba na mwili wa binadamu, si hesabu. Alikwenda hivyo hivyo. Alifika Mei 1727, mwezi aliofariki Malkia Catherine wa Kwanza, na kwa muda wageni wote hawakujua kama Akademia itasalimika. Basel hakurudi kuishi tena. Miaka 56 iliyobaki aliila ugenini.

Tofauti na wageni wengi wa pale, Euler alijifunza Kirusi. Mwaka 1733 akapewa kiti cha hisabati, mwaka uliofuata akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walizaa watoto 13, wakakua watano. Mwaka 1738 alipoteza jicho la kulia baada ya maradhi.

Sasa sikiliza habari iliyonipa usingizi. Katika miaka hiyo ya mwanzo, kwenye andiko la mwaka 1732, Euler kijana wa miaka 25 alimkosoa Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa mwalimu wa wote katika mambo ya namba. Fermat aliamini kwamba ukizidisha mbili thelathini na mbili ukajumlisha moja unapata namba tasa, yaani 4,294,967,297. Euler akaonyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Kazi safi. Lakini katika andiko hilohilo akataja orodha yake mwenyewe ya idadi ambazo, ukizidisha mbili mara hizo na kutoa moja, zinaleta tasa. Akataja 31, akaongeza 41 na 47. Zile mbili za mwisho ni makosa. Ile ya 47 inagawanyika kwa 2,351. Mtu aliyemkosoa Fermat ukurasa mmoja alikosea mwenyewe mbele kidogo, tena kosa la ukoo mmoja na langu.

Orodha kama hizo zilikuwa za kurithiana. Mtaliano Cataldi alikwisha kusema mwaka 1588 kwamba 31 inaleta tasa, na akaisifu vilevile 23, 29 na 37, ambazo zote tatu ni uongo. Padri wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha yake mwaka 1644, nayo 31 imo, ikiwa pamoja na 67 na 257 zisizostahili. Watu hawa hawakuwa waongo. Walitaja namba ambazo hakuna mtu angeweza kuzipima kwa mkono, wakategemea hisia na mfuatano, na kwa sababu majina yao yalikuwa makubwa orodha zikaendelea kunakiliwa. Daftari langu la Ulyankulu lilikuwa la ukoo huo.

Mwaka 1741 Urusi ilikuwa imechafuka kisiasa, wageni wanatazamwa kwa jicho baya, na Euler akakubali mwito wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia kwenda Berlin. Alikaa huko miaka 25. Aliandika vitabu ambavyo wanafunzi wa vyuo vikuu bado wanaishi ndani yake bila kujua, pamoja na alama kadhaa tunazoandika ubaoni. Mfalme hakumpenda. Alitaka watu wa maneno matamu mezani, na Euler alikuwa mtu wa kanisani na wa familia, asiyejua kupiga soga za ikulu. Mfalme akawa anamwita zimwi la jicho moja. Rais wa Akademia ya Berlin alipofariki mwaka 1759, Euler ndiye aliyebeba kazi, cheo hakupewa.

Ni Berlin alikoandika, mwaka 1752, barua kwa rafiki yake Christian Goldbach aliyekuwa Urusi. Ndani yake anasema kwamba namba anazozijua kwa hakika ni saba tu: za 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19. Ile 41 haimo tena, 47 haimo. Na 31, aliyoitaja kwa kujiamini miaka ishirini nyuma, sasa anasema hana hakika nayo. Amejaribu vigawo vya chini ya 2,000, hakuna kilichokubali, lakini hiyo haitoshi. Mtu mwenye jina Ulaya nzima anajifuta mwenyewe kwenye orodha, wala hakuna aliyemlazimisha. Barua hiyo naipenda kuliko vitabu vyake.

Mwaka 1760, wakati wa vita vya miaka saba, majeshi ya Urusi yaliingia karibu na Berlin yakapora shamba la Euler huko Charlottenburg, mifugo na nafaka. Jenerali wa Kirusi alipojua shamba ni la nani, akaamuru alipwe, na Malkia Elizabeth akaongeza fedha zake juu. Wangapi kati yetu tuliorudi tumepata jenerali wa namna hiyo? Tuendelee.

Mwaka 1766 Catherine wa Pili alimwita arudi Saint Petersburg. Frederick alikataa kumwachia kwa miezi, kisha akachoka. Mwanawe Christoph, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Prussia, alizuiwa asiondoke na wenzake, na ilibidi Catherine aingilie kati ndipo akaachiwa. Familia ikaonana tena Urusi. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanajua maana ya kuvuka mpaka huku mtoto mmoja amebaki upande wa pili, kwa hiyo sitaeleza.

Alirudi akiwa na umri wa miaka 59, mahali alipopaacha akiwa na 34. Na karibu mara tu baada ya kurudi, jicho la kushoto nalo likaanza kuingia ukungu. Akawa haoni maandishi isipokuwa yameandikwa kwa chaki, kwa herufi kubwa, kwenye ubao. Akaanza kuwasomea wengine waandike. Kitabu chake cha aljebra, kilichotoka kwa Kirusi kuanzia mwaka 1768, inasimuliwa kwamba alimsomea kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ushonaji, asiyejua hesabu, na kwamba kijana alipofika mwisho wa kuandika alikuwa ameijua aljebra. Nimewahi kuwapa fundi cherehani wawili wa sokoni habari hii, na mmoja aliniuliza kama kijana alilipwa.

Mwaka 1771 ulikuwa mbaya. Moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji, na nyumba ya Euler ikashika akiwa ndani, hana macho ya kutafuta mlango. Fundi mmoja mzaliwa wa Basel kama yeye, Peter Grimm, aliingia motoni akambeba mabegani akamtoa. Maandiko mengi yaliokolewa, maktaba ikaungua. Mwaka huohuo alipasuliwa mtoto wa jicho. Kwa siku chache aliona dunia tena, kisha jeraha likaingia uchafu, akabaki gizani moja kwa moja. Katika hali hiyo, mwaka uliofuata, ilitoka barua yenye namba yetu.

Barua hiyo ilikwenda Berlin kwa Johann Bernoulli, mnajimu wa nyota, mjukuu wa yule mzee wa Jumamosi. Ndani yake Euler anasema amemaliza shaka: 31 inaleta tasa. Alifanyaje?

Ukitaka kujua kama namba ni tasa si lazima uigawe kwa namba zote. Inatosha kufika kwenye kipeuo chake cha pili, maana kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na kitu. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Kugawa namba ya tarakimu kumi mara 4,700, bila kikokotoo, ni kazi ya kumtoa mtu akili.

Hapa ndipo tofauti ya mjuzi na mbahatishaji. Tuseme umepewa gunia la noti na kuambiwa huenda kuna bandia ndani. Unaweza kuinua kila noti kwenye mwanga. Lakini kama unajua kwamba bandia za mjanja huyu zote huanza na moja ya alama mbili, unatenga hizo tu, nyingine unaziacha. Fermat alikuwa amekwisha kuona kwamba kigawo tasa cha namba hizi lazima kiwe kizidishio cha ile idadi ya mbili, kuongeza moja. Itazame 2,047 ya binti wa Mugina: mbili zimezidishwa mara 11, na vigawo vyake 23 na 89 vyote ni vizidishio vya 11 ukiongeza moja. Euler akaongeza sharti la pili, kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Kubali kuhesabu: 23 inabakiza 7, na 89 inabakiza 1. Masharti hayo mawili yakiunganishwa kwa 31, ambayo mara 8 ni 248, yanaacha aina mbili tu za namba: zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 248, na zinazobakiza 63.

Chini ya 46,340 namba za aina hizo mbili, ukiacha moja yenyewe, ni 373 basi. Nyingi zenyewe si tasa, zinaondoka, na zinazobaki hazifiki 100. Hizo zikajaribiwa moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyogawa bila kubakiza. Orodha iliyosemwa na Cataldi mwaka 1588 na Mersenne mwaka 1644, kwa namba hii moja, ikawa kweli.

Mtu atauliza, ya nini taabu hiyo? Kwa watu wa kale jibu lilikuwa namba timilifu. Vigawo vya 6, ukiacha yenyewe, ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, jumla 28. Euclid wa Ugiriki alionyesha kwamba kila tasa ya umbo hili inazaa namba timilifu. Ya kwetu, ukiizidisha kwa 1,073,741,824, inazaa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni ya nane. Ajabu ya jina letu la Kiswahili ndiyo hiyo: tasa inazaa. Na Euler ndiye aliyethibitisha kwamba namba timilifu zote zinazogawanyika kwa mbili zinatoka humo, hakuna mlango mwingine.

Katharina alifariki mwaka 1773, na miaka mitatu baadaye Euler akamwoa dada yake wa baba mmoja, Salome. Kazi haikupungua, bali iliongezeka. Katika mwaka 1775 inahesabiwa kwamba alikuwa anatoa andiko karibu moja kila wiki, akiwasomea wanawe na wasaidizi wake wakizunguka meza. Tarehe 18 Septemba 1783 alimfundisha mjukuu hesabu, akapiga hesabu za maputo yaliyoanza kurushwa Ufaransa mwaka huo, akazungumza na mwenzake kuhusu njia ya sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili nyuma. Jioni akapatwa na kiharusi, na usiku akafariki. Akademia iliendelea kuchapa maandiko yake kwa karibu miaka 50. Orodha kamili ina majina 866.

Namba nayo ikaendelea na safari yake. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu ile ya nane ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina faida na nani atajisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alijisumbua, akathibitisha tasa ya mbili mara 127, yenye tarakimu 39. Oktoba 2024 ilitangazwa ya umbo hilohilo yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, iliyopatikana kwa kompyuta. Na kuhusu faida, kanuni moja ya Euler juu ya masalio ya kugawa ndiyo iliyo chini ya ufunguo wa siri uliobuniwa mwaka 1977, unaotumia namba tasa kubwa na ambao umelinda mambo ya benki kwenye intaneti.

Namba yetu hasa imeingia kwenye simu kwa njia nyingine. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1, na kwa lugha hiyo 2,147,483,647 ni moja thelathini na moja zilizopangwa mstari. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayotosha kwenye chumba cha kawaida cha mashine za zamani. Mwaka 2014 YouTube ilibidi ipanue kihesabio chake kwa sababu ya wimbo mmoja wa Korea uliotazamwa mara nyingi kupita hapo. Na mashine nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Zile ambazo hazitakuwa zimerekebishwa zitajaa sekunde ya 2,147,483,647, kisha zitarudi nyuma hadi Desemba 1901.

Binti yule sasa ana kibanda chake cha kubadilisha fedha, na bado ananiita Mwalimu. Nilimpigia hesabu ya siku hiyo kwenye kipande cha karatasi: ni tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 na sekunde 7 alfajiri. Aliangalia, akaichukua kalamu, akaandika pembeni saa kumi na mbili na dakika 14, kwa ajili ya wateja wake wa Manyovu.